Dodosa na Doa la Iodini

Kila asubuhi Dodosa aliamshwa na sauti ya mama yake akisukutua mdomo nje ya dirisha. Mama alikuwa dobi wa hospitali kuu na zamu yake ilianza mapema. Kwa hiyo mazungumzo yao ya asubuhi yalikuwa ya haraka haraka, mmoja akifunga kitambaa kichwani, mwingine akitafuta soksi ya pili.

"Chai iko kwenye chupa. Daftari lako la hisabati liko juu ya kabati. Na ukifika shuleni usikae chini, sketi nimeipiga pasi."

"Mama, kwa nini pasi ikiwa baridi haiondoi mikunjo?"

"Dodosa! Utanichelewesha."

Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitatu, kwa sababu alimdodosa kila mtu aliyekaa karibu naye: muuza maziwa, fundi bomba, hata mgonjwa aliyekuja kupumzika kivulini. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu akiwa polisi, wezi watajileta kituoni wenyewe ili wapate kupumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na maswali hayakuwa yamepungua hata moja.

Siku moja alianguka uwanjani akachubuka goti. Jirani akampaka iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, na nyingine ikamwagikia sketi ya shule. Dodosa aliililia sketi kuliko goti. Mama aliporudi kazini alikata limau, akalikamulia juu ya doa, na doa likafifia machoni pao mpaka likatoweka.

"Kwa nini limau, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba linatoa. Miaka kumi na moja nafua mashuka ya hospitali. Doa la damu, maji baridi. Doa la iodini, limau. Ukitaka kujua kwa nini, waulize waliosoma."

Shida ni kwamba shuleni hakukuwa na nafasi ya kuuliza sana. Mwalimu wa sayansi alikuwa mmoja kwa madarasa sita, na maabara yake ilikuwa ubao. Alichora hadubini kwa chaki, akaandika majina ya sehemu zake, kisha akaifuta ili apate pa kuchora moyo wa chura. Wanafunzi waliijua sura ya hadubini, lakini hakuna aliyewahi kuigusa.

Mwanzoni mwa muhula wa pili alikuja mgeni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, na kazi yake ilikuwa kupima maji ya mji mzima katika maabara ya idara ya maji. Watu walimwita Mkemia.

"Maabara yetu ina watu kumi na wanne," aliwaambia. "Wanawake tuko wawili. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesoma katika shule isiyo na maabara kama hii yenu. Maana yake nini? Maji mnayokunywa ninyi yanapimwa na watu ambao hawajawahi kunywa kwenye mabomba ya mtaa huu. Mimi sijaridhika na hilo. Nimeanzisha darasa la Jumamosi, na hapa nataka watoto wawili. Sitafuti wanaojua majibu. Natafuta wanaouliza."

Darasa zima liligeuka kumtazama Dodosa. Hata mwalimu alimtazama.

Nafasi ya pili alipata rafiki yake, msichana aliyeitwa Mrefu, kwa sababu aliuliza kwa nini maji ya bomba lao hunuka dawa siku nyingine na siku nyingine hayanuki. Mkemia aliliandika swali hilo kwenye kijitabu chake palepale, na Mrefu alitembea kwa maringo wiki nzima.

Jumamosi ya kwanza walikuwa watoto kumi na wawili kutoka shule mbalimbali. Maabara ilikuwa na meza ndefu zenye vigae vyeupe, masinki ya chuma, na chupa zilizopangwa kwa safu, kila moja na kibandiko chake. Harufu yake iliwasha pua kidogo. Dodosa alikaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani, akiogopa kuvunja kitu kwa kukitazama tu.

"Tujuane kwanza," Mkemia alisema. "Kila mmoja aseme anaitwaje na wazazi wake wanafanya kazi gani."

Mvulana mmoja mwenye miwani, ambaye baadaye wote walimwita Miwani, alisema baba yake ni daktari. Aliyefuata alisema mama yake ni mfamasia. Kisha akasimama Mrefu.

"Baba yangu ni fundi viatu. Kibanda chake kiko mkabala na kituo cha mabasi."

Miwani alicheka puani. "Basi tutakuletea viatu vyetu."

Wawili watatu wakacheka naye. Mkemia alimkata jicho na kicheko kikakoma, lakini kilikuwa kimeshamfikia Dodosa, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata. Alisimama.

"Mama yangu yuko hospitali kuu," alisema, na mpaka hapo ulikuwa ukweli mtupu. "Ni muuguzi."

Mrefu alimtazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa kama anayechunguza kamba za viatu vyake.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Dodosa alitazama tone la maji ya bwawa kwa hadubini na kuona vidudu vikikimbizana kama watoto wakati wa mapumziko. Alijifunza kushika chupa za kioo bila kutetemeka. Lakini ule uongo ulikuwa kama mche wa mboga: ameshaupanda, sasa lazima aumwagilie. Miwani, ambaye kumbe hakuwa mtoto mbaya, alimwuliza mama yake yuko wodi gani. "Ya watoto," alijibu. Anamfahamu daktari fulani? "Kidogo." Kila jibu lilidai jibu jingine. Hatimaye Dodosa, yeye Dodosa aliyemdodosa hata mgonjwa, akaanza kukaa kimya darasani. Aliona kwamba anayeuliza naye huulizwa.

Wiki ya tano Mkemia aliwapeleka kuona maabara ya hospitali kuu. Dodosa hakuwa na hofu sana, kwa sababu Jumamosi Mama hakuwa na zamu. Asubuhi ile alimwacha nyumbani akichambua mboga.

Fundi wa maabara, mzee mcheshi mwenye mvi kwenye nyusi, aliwaonyesha jinsi wanavyotia rangi vijidudu ili vionekane kwenye hadubini. Miongoni mwa dawa alizotumia ilikuwa iodini. Miwani akataka kusaidia. Aliinua chupa ili aisogeze, vidole vikateleza, na iodini ikaruka ikamwagikia koti jeupe la Mkemia, kutoka kifuani hadi mfukoni.

"Hilo koti basi tena," fundi alisema. "Langu liliharibika hivyohivyo mwaka jana. Sasa ni dekio."

Midomo ya Miwani ilianza kutetemeka. Mkemia akamgusa bega. "Haidhuru, ni nguo tu. Nililishonesha nilipopata kazi, limeishi vya kutosha." Alilivua na kulikunja ndani ya mfuko wa plastiki, lakini kabla ya kulikunja alipitisha kiganja juu ya doa mara mbili, polepole.

Dodosa alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi: limau. Kisha akawaza: wakiniuliza nimejuaje? Tangu lini muuguzi akawa bingwa wa kutoa madoa? Akaufunga mdomo. Miwani aligeukia ukutani akavua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

Walipotoka kwenye korido, Dodosa alisikia magurudumu yakilia. Toroli lililojaa mafurushi ya mashuka lilikuwa linakuja, na nyuma yake alikuwa Mama. Mwenzake mmoja alikuwa ameugua ghafla, naye akaitwa ashike zamu.

Mama aliliona kwanza daftari ambalo Dodosa alilikumbatia kifuani, kisha akamwona mwenye daftari. Uso wake wote ukang'aa. Akanyanyua mkono.

"Unamjua?" Miwani aliuliza.

"Hapana," Dodosa alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini korido ilikuwa kimya. Ule mkono wa Mama ukabadili safari angani, ukaenda kurekebisha kitambaa kichwani. Mama alilisogeza toroli lake mpaka likagusa ukuta.

"Piteni, wanangu," aliwaambia watoto wote.

Wakapita.

Alasiri ile Dodosa alikaa kitandani akiwa bado amevaa viatu. Alimsikia Mama akiingia, akinawa mikono, akifunika sufuria. Kisha Mama akauliza kama anavyouliza kila Jumamosi, "Haya, leo mlijifunza nini?"

Dodosa akaanza kulia. Alieleza yote, kuanzia kicheko cha siku ya kwanza hadi lile neno la korido, na maneno mengine yalikatwa na kwikwi hata Mama akalazimika kuuliza mara mbili.

"Nilikusikia," Mama alisema alipomaliza.

"Nisamehe, Mama."

Mama aliketi kando yake. "Umeniambia ukweli, na mimi nitakuambia wangu. Iliniuma. Nilipokuona na daftari kifuani, katikati ya wale watoto, nilitaka kuliacha toroli nije nikushike. Nilitaka wenzangu wote wa chumba cha kufulia watoke wakuone. Halafu nikasikia 'hapana.'" Akamgeukia. "Unaionea aibu kazi yangu?"

Dodosa alifikiri, kwa sababu hakutaka kusema uongo tena hata wa kubembeleza. "Nikiwa nyumbani, siionei aibu. Lakini pale Mrefu alichekwa, nikaogopa nami nitachekwa."

"Hilo naliamini." Mama alimpangusa uso kwa upindo wa gauni lake. "Sikiliza. Muuguzi hawezi kumlaza mgonjwa juu ya shuka chafu. Daktari hawezi kumpasua mtu bila vitambaa safi. Mimi sikusoma sana, lakini nafasi yangu katika hospitali ile naijua. Wewe ndiye uliyepotea. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imeishia kwenye korido."

Dodosa alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na makamasi yakamtoka.

"Jumamosi utamweleza mwalimu wako," Mama aliendelea. "Sitakusindikiza. Mdomo uliosema ndio utakaosahihisha." Kisha akamvuta, akamlaza kichwa mapajani mwake, akaanza kumfumua nywele kana kwamba siku hiyo ilikuwa siku ya kusuka.

Jumamosi iliyofuata Dodosa alifika kabla ya wote. Mkemia alikuwa akisuuza chupa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina neno."

"Marahaba. Mbona mapema hivi? Sema."

Akasema. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu, lakini yalitoka mafupi. "Kama utaniondoa darasani, nitaelewa," alimalizia, ingawa hakuwa na uhakika kama kweli angeelewa.

Mkemia alikausha mikono yake, kidole kimoja kimoja. "Umekosa, na zaidi umemkosea mama yako. Huyo umeshamwomba radhi?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Lakini hata mimi nina kosa langu. Siku ya kwanza niliuliza kazi za wazazi, nikidhani natafuta mazoea. Kumbe niliwapanga kwenye ngazi, huyu juu, huyu chini. Swali lile halikuwa na kazi humu ndani. Leo nitalisahihisha langu mbele ya darasa. Na lako?"

"Nitalisahihisha," Dodosa alisema.

Watoto walipokaa, Mkemia alianza kama alivyoahidi. Kisha Dodosa akasimama.

"Mama yangu si muuguzi. Ni dobi wa hospitali. Yule mama wa toroli aliyetupisha kwenye korido ndiye yeye. Miwani aliniuliza kama namjua, nikamkana."

Hakuna aliyecheka. Mrefu alisogea kwenye benchi kumpa nafasi ya kukaa.

"Umechelewa," alimnong'oneza. "Lakini nilijua utafika."

Dodosa hakukaa bado. Alimgeukia Miwani. "Na siku ile ya koti, nilijua kinachotoa doa la iodini. Ni limau. Mama alinionyesha. Nilinyamaza nisije nikaulizwa nimejuaje."

Miwani aliruka. "Wiki nzima sili vizuri, na wewe una limau!"

Hapo ndipo wote walipocheka, Dodosa naye akiwamo, na kabla kicheko hakijaisha Miwani alikuwa ameomba ruhusa na kukimbia dukani. Alirudi akihema, mifuko yote miwili ya suruali ikiwa imevimba kwa malimau.

Mkemia hakukubali walimwagie koti moja kwa moja. "Dodosa ametuambia alichokiona. Sisi tutajaribu." Wakakata vipande vinne vya kitambaa cheupe, wakadondoshea kila kimoja iodini, kisha wakaweka maji matupu juu ya cha kwanza, maji ya sabuni juu ya cha pili, maji ya chumvi juu ya cha tatu, na maji ya limau juu ya cha nne. Mrefu alishika saa. Kitambaa cha limau kilirudia weupe wakati vingine bado vina ukahawia. Walirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyohivyo. Ndipo koti likatolewa kwenye mfuko.

"Limau lina vitamini C," Mkemia alieleza huku doa likififia. "Vitamini C huibadilisha iodini ikawa kitu kisicho na rangi. Haijapotea, imebadilika tu. Ndiyo maana lazima tulisuuze koti vizuri."

Dodosa alihisi kama mtu aliyekunwa mahali palipomwasha kwa muda mrefu. "Na damu, Mwalimu? Kwa nini maji baridi?"

"Hilo," Mkemia alisema, "nataka tufundishwe na mwenyewe. Mpelekee mama yako salamu zangu. Mwambie namwomba Jumamosi ijayo."

Mama alikuja na gauni lake la sherehe, mikono ameificha chini ya mtandio. Mwanzoni alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Dodosa alimshika mkono na kumpeleka mbele.

"Huyu ndiye mama yangu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho.

Sauti ya Mama ilitetemeka mpaka alipopewa kitambaa. Mikono ilipoanza kufanya kazi, ulimi nao ukafuata. Hawakutumia damu; badala yake Mkemia aliandaa ute wa yai, akisema tabia zake katika joto zinafanana na za damu. Mama alipaka ute kwenye vitambaa viwili, akaingiza kimoja kwenye maji ya moto na kingine kwenye maji baridi, akavisugua kwa mwendo ule ule. Kile cha maji baridi kilitoka safi. Kile cha maji moto kilitoka na ute mweupe mgumu ulioshikamana na nyuzi.

"Umeiva!" Miwani alisema.

"Ndiyo," Mkemia alisema. "Ute wa yai una protini, na damu pia ina protini. Protini ikipata moto huganda, ikang'ang'ania."

"Kumbe!" Mama alishika kiuno. "Kumbe kila walipoleta wafanyakazi wapya wakatumia maji moto, walikuwa wanapika, si kufua!"

Darasa liliangua kicheko. Miwani alimvuta Mrefu pembeni akamwuliza, kwa sauti ya chini na bila mzaha, gundi ya viatu hukaukaje. Mrefu alimweleza, baada ya kumwacha angoje kidogo.

Watoto walipotulia Mkemia alisema, "Nataka mkumbuke jambo moja. Sayansi ni kusema ulichokiona kama ulivyokiona. Dodosa alipoficha anakotoka, alijikuta anaficha na anachokijua. Mwenzake akaumia, na mimi nikabaki na doa. Aliposema ukweli, sote tukajifunza. Kila mmoja wenu ametoka nyumbani na kitu mkononi. Msikiache mlangoni." Kisha akamgeukia Mama. "Kuna shule moja ya sekondari yenye maabara, na mwakani itapokea wanafunzi kumi kutoka shule zisizo nayo. Barua mbili za mapendekezo nimeziandika mimi. Moja ya Mrefu, na moja ya binti yako."

Mama aliutoa mtandio mabegani, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "naomba kuona ndani ya hicho chombo."

Dodosa aliweka uzi wa shuka la hospitali chini ya hadubini, akazungusha kirekebishi polepole kama alivyofundishwa, kisha akampisha. Mama aliinama. Alitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Miaka kumi na moja nazishika nyuzi hizi kila siku," alisema bila kuinua kichwa, "sijawahi kuziona."

Nyuma yake watoto walikuwa wameshapanga foleni.

"Mama," Dodosa alinong'ona, "wenzio wanangoja zamu."

"Wangoje," alisema Mama. "Hebu niambie, hizi zilizosokotana hivi ni nini? Na kwa nini mmoja umekatika?"